Simu ya Mzazi au Mlezi

Shangazi yangu Nelius hakufungua hosteli kwa ajili ya biashara. Aliifungua ili apate usingizi. Watu wa Runyenjes wakiniuliza nawajibu hivyo hivyo, nao wanacheka wakidhani natania. Sitanii. Kwa miaka thelathini na mmoja huyu mama alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana upande wa Gachoka, kule chini kwenye joto na mashamba ya muguka, yale majani ya kutafuna. Alilala kwenye kichumba kilichotengwa na bweni kwa ubao mmoja tu. Upande wa pili wa ubao walikuwa wasichana mia moja na ishirini, wakikoroma, wakikohoa, wakitaja majibu ya hesabu usingizini. Mwili wake ulizoea kulala namna hiyo, ukasahau namna nyingine.

Alipostaafu alirudi kwenye nyumba yake, aliyokuwa ameijenga likizo baada ya likizo, hapa juu kwenye baridi ya majani chai. Vyumba vinne na mtu mmoja. Mumewe alishafariki, na mwanawe wa pekee, Gitari, anafanya kazi ya ofisi Embu mjini na huja Jumapili akiwa na haraka. Miezi mitatu Tata hakulala. Tata ndilo neno letu la shangazi, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Mimi nakaa nyuma ya ua wake. Nikiamka saa kumi alfajiri kuwasha moto nilikuwa nausikia ufagio: shwa, shwa, shwa. Anafagia uwanja gizani. Mchana alikuwa hatulii. Akikaa kwenye kiti anainuka, anakwenda hadi langoni, anatazama barabara, anarudi, anakunja nguo ambazo alikwisha kuzikunja asubuhi. Daktari alimpa vidonge. Alisema vinamwangusha tu, havimlazi.

Kisha akaja kijana mmoja wa Nakuru anayeitwa Oscar, na begi mgongoni kubwa kuliko yeye. Alikuwa amepanda kilima cha Kirimiri, mvua ikamchelewesha, gari la mwisho likamwacha. Vyumba vya kulala wageni sokoni viko juu ya baa. Unalipia kitanda cha watu wawili ukiwa peke yako, kisha muziki unakukesha bure. Mtu wa boda akamleta kwa Tata. "Matron ako na nafasi," alisema, kana kwamba ni jambo linalojulikana mji mzima. Oscar akalala kwenye kitanda cha Gitari akakoroma kama mashine ya kusaga mahindi. Kesho yake nilimsikia ng'ombe wa Tata akilia hadi saa mbili, hajakamuliwa. Nikakimbia nikijua nakuta maiti. Nikamkuta Tata amelala fofofo, mdomo wazi.

Alipoamka alinishika mkono. "Kaari," akaniambia, "nitafutie wengine kama huyu."

Mwezi huohuo shule yake ya zamani ilikuwa inauza vitanda vikuukuu. Tata akashuka Gachoka na kurudi kwenye lori na vitanda vinane vya chuma, vile vya deka, kimoja juu ya kingine, vyenye majina ya wasichana yaliyokwaruzwa kwenye rangi. Alinikataza kuvipaka upya. Nikavipiga picha nikaziweka mtandaoni: kitanda, uji, maji ya moto, bei ya mwanafunzi, karibu na msitu wa Irangi. Sikutarajia mtu. Wakaja. Vijana wa Nairobi wanaopanda milima wikendi, walimu wapya wanaotembelea nchi yao kwa mara ya kwanza, Wajerumani wawili na baiskeli zao, wasichana wa chuo wanaogawana sabuni moja. Zamani kijana akitaka kusafiri ilibidi awe na ndugu katika kila mji. Siku hizi anatafuta kitanda kwenye simu, na mlango unaofungika.

Mlango wa Tata ulifungika kupita kiasi, na taabu zetu zilianzia hapo.

Hakujua namna nyingine ya kuwalaza watu. Alitundika rimu kuukuu ya lori kwenye mparachichi, ikawa kengele. Ikigongwa saa kumi na mbili unusu asubuhi, lango linafunguliwa na uji unaletwa. Ikigongwa saa tatu usiku, taa zizimwe. Baada ya uji alikagua vitanda akivuta pembe za blanketi, na mhandisi mzima mwenye ndevu alirudishwa kutandika tena. Wengine walipenda. Walimrekodi akiuliza, "Wewe, slipa zako ziko wapi?" na hizo video zikatuletea wageni zaidi. Wengine walichukia. Mmoja aliandika mtandaoni kwamba alilipa pesa yake kurudishwa kidato cha pili. Nilimsomea Tata. Akauliza, "Ni yule wa kitanda namba sita? Huyo alikuwa haogi."

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni daftari. Kila mgeni aliandika kwenye daftari kubwa jeusi jina lake, anakotoka, anakokwenda, halafu safu ya mwisho, ambayo Tata aliichora kwa rula kama ilivyokuwa shuleni: Simu ya mzazi au mlezi. Wageni walicheka. Lakini Mkenya aliyesoma shule ya bweni akipewa kalamu na matroni haulizi maswali. Mkono unaandika wenyewe. Waliandika namba za mama zao. Na Tata, nikiwa jikoni sina habari, alikuwa anawapigia.

"Mzazi, habari ya jioni. Mtoto amefika salama. Amekula. Nimempa blanketi mbili."

Mtoto mwenyewe ana kitambi na anadaiwa kodi ya nyumba.

Wako mama waliofurahi hadi machozi. Mmoja wa Machakos huzungumza na Tata mpaka leo, wanaulizana habari za magoti. Lakini kulikuwa na Munene, mtu wa miaka thelathini na minne, aliyemwambia mama yake kwamba amefunga na yuko kwenye maombi ya siku tatu. Mama akapigiwa simu akaambiwa mtoto amefika salama na amekula chapati sita. Munene aliondoka asubuhi bila kugusa uji, akinikodolea macho kana kwamba ni mimi niliyepiga.

Siku hiyo tuligombana. Hasira zangu ziko karibu, sikatai.

"Tata, hawa ni watu wazima! Wengine wako na watoto!"

"Na hao watoto hawana nyanya? Basi nyanya anataka kujua."

"Utatufungia hosteli!"

Hilo lilimwingia. Aliapa hatapiga simu tena ila mtu akipotea. Nilipaswa kumwambia aifute ile safu kabisa, kwani safu ikiwapo mkono utawasha. Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka kugombana, na wageni walikuwa wanangoja chai.

Basi Kathambi akaja. Ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, siku ya Jumatano. Miaka ishirini na tatu, mwembamba, raba zimeoshwa zikawa nyeupe, begi la shule mgongoni. Alitoka Ruiri, kule Buuri, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako baba yake, mzee Salesio, analima viazi na kufuga. Maishani mwake hakuwa amelala nje ya kwao ila shuleni. Alitueleza safari yake akiwa amesimama, hajatua begi.

"Nataka kuzunguka mlima."

"Kupanda?" nikauliza.

"Hapana, kuzunguka. Tangu nizaliwe naonanga upande mmoja tu. Kila asubuhi nikitoka kukamua ni huo huo. Nataka kuona huku nyuma kunakaa aje, halafu nirudi home."

Alikuwa amepanga siku nane. Kwenye karatasi aliandika hosteli na nyumba za wageni za bei ya chini alizozitafuta kwenye simu: kwetu, kisha Embu, Kutus, Karatina, Nanyuki, halafu Timau, na kutoka Timau nyumbani. Ile karatasi ilikuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo, kwa sababu alikaa nayo mwaka mzima. Kwao walijua yuko Meru mjini kwenye semina ya vijana wa kanisa. Baba yake alishamkatalia mara mbili. Msichana wa kulala kwenye nyumba za watu asiowajua, bila harusi, bila mazishi, bila kazi, anakwenda kutazama nini?

"Nikirudi nitamwambia kila kitu," Kathambi alisema. "Hata akitaka kunichapa na achape. Lakini nikiwa nimemaliza."

Nilimpenda papo hapo. Mimi nina miaka arobaini na kitu pekee nilichowahi kukizunguka ni soko.

Alipofika kwenye safu ya mwisho ya daftari alisita. Kisha akaandika namba ya kweli, tarakimu zote kumi, kwa mwandiko wa mtoto aliyekuwa anapewa zawadi ya usafi. Ndipo akamtazama Tata.

"Lakini Matron, tafadhali usipigie baba."

"Sitapiga," Tata akasema. Mimi ni shahidi, nilikuwa nimesimama hapo na sufuria.

Alhamisi asubuhi Kathambi alitandika kitanda chake vizuri hata Tata hakupata pa kuvuta. Akaenda Irangi kutembea msituni na kuutafuta mlima, maana siku iliyotangulia wingu lilikuwa limeufunika wote. Aliambiwa arudi saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja ilipofika Tata alikwenda langoni. Akarudi. Akahesabu vijiko. Akaenda tena langoni. Alipogonga kengele ya chakula saa kumi na mbili na robo walikuja wageni sita. Akawahesabu kwa kidole, akawahesabu tena, akaenda kuangalia chooni. Simu ya Kathambi ilikuwa haipatikani.

"Huko msituni hakuna netiwaki," nilimwambia. "Bado ni mapema, Tata. Keti ule."

Hakuketi. Nilikuwa napakua githeri niliposikia sauti yake nyuma ya boma la ng'ombe: "Mzazi, habari ya jioni." Nilitupa upawa nikakimbia. Nilipofika alikuwa ameshakata simu na anaifuta kioo kwa leso.

Naomba nimtetee kidogo, kwa sababu baadaye sitamtetea. Mwaka mmoja kule shuleni msichana alikosekana jioni. Naibu wa mwalimu mkuu akasema wangoje asubuhi, wasichana ni wakaidi, atarudi. Alipatikana baada ya siku mbili kwa jamaa zake Siakago, mzima, anakula maembe. Kila mtu alicheka isipokuwa Tata. Zile siku mbili hazikumtoka mwilini. Alipomkosa Kathambi mezani, zilirudi zote.

Lakini Kathambi hakupotea. Dakika ishirini baadaye boda ilisimama langoni, akashuka na matope hadi magotini, anacheka peke yake. Tairi lilipasuka njiani, ndiyo hadithi yote.

"Kumetoka!" alitupigia kelele kabla hajaingia. "Wingu iliisha yote! Kaari, huku sio ule mlima wetu wa home! Kale kachwa karefu ka juu tunaonanga sisi, huku kamejificha nyuma ya kengine. Nilikaa kwa jiwe nikaangalia mpaka nikasahau kuvuta picha."

Alikula sahani mbili. Tata alimwongezea githeri bila kuombwa, akampa parachichi zima, akamwekea maji ya moto ya miguu. Hakumwambia kitu. Nilimfuata jikoni.

"Umempigia mzee tena? Umemwambia amepatikana?"

"Nimempigia."

"Akasemaje?"

Tata alianza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. "Amesema kama amepatikana ni vizuri, sasa anajua mahali ako. Ndugu yake ako na gari. Watakuja alfajiri. Amesema nimshike hapa."

"Basi mwambie msichana."

"Nikimwambia ataenda."

"Ndiyo, ataenda! Si ndiyo maana ulimwahidi?"

"Kaari, mzazi akishasema anakuja, mtoto hatoki kwa geti. Hiyo ni sheria."

"Ya wapi? Ya shule uliyotoka miaka sita iliyopita?"

Aliongeza maji kwenye karai. Aliosha vikombe vyote, akavipanga, akavitoa kwenye rafu akaviosha upya. Nami nikaenda zangu kulala nikiwa na hasira, nikijiambia kesho nitaamka mapema kabla ya watu wote.

Niliamka mapema. Nalisema hili kwa sababu ndilo linalonisumbua. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa jikoni, na saa kumi na moja na robo Kathambi alikuwa langoni na begi lake mgongoni, anataka gari la kwanza la Embu. Lango lina kufuli. Tata alisimama upande wa ndani akiwa amejifunga leso juu ya koti.

"Kunywa uji kwanza," alimwambia.

"Asante Matron, lakini gari ya kwanza inajaa haraka."

"Uji ni wa dakika kidogo tu. Huwezi kusafiri na tumbo baridi."

Kathambi alikuja kukaa kwenye benchi la jikoni. Akainuka. Akakaa. Alitoa karatasi yake akaisoma, ingawa aliijua kwa moyo, akairudisha mfukoni, akaenda mlangoni kuangalia kama kumepambazuka. "Uji umeiva?" aliuliza. Nikamwambia bado. Uji ulikuwa umeiva kitambo. Na ufunguo wa pili wa lango ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nilikuwa naugusa kwa kidole kila nilipokoroga. Nilijiambia nyumba si yangu. Nilijiambia Tata ni mkubwa wangu, alinilipia karo nilipofiwa na baba. Nilijiambia huenda gari la mzee likaharibika njiani. Nilikuwa na dakika arobaini nzima, na kazi ya kufungua kufuli ni ya sekunde tatu. Nilikoroga uji mpaka ukashika chini.

Gari lilipopiga honi barabarani Kathambi alilitambua kabla halijasimama. Lilikuwa la baba yake mdogo. Alitoka nje taratibu akamtazama Tata, ambaye tayari alikuwa anafungua kufuli.

"Ulisema hautapiga."

"Nilidhani umepotea."

"Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimechelewa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na uliponiona nimerudi?"

Tata alishika kufuli kwa mikono miwili. 

Mzee Salesio hakuwa mkali. Afadhali angekuwa. Ningepata mtu wa kumkasirikia. Alikuwa mtu mpole aliyevaa koti la suti na kofia, akaivua kofia alipoingia sebuleni. Alimsalimu Tata kwa mikono miwili. Ndugu yake alishusha gunia la viazi, viazi vikubwa vyekundu vya Buuri, akaliweka mlangoni. Mzee akatuomba tusimame tuombe. Alimshukuru Mungu kwa kumlinda mtoto njiani na kwa kumweka mikononi mwa mama mwenye hekima.

"Mama," alimwambia Tata baada ya amina, "wazazi kama wewe sasa ni wachache. Ungenyamaza, huyu angeenda akapotelea huko. Ubarikiwe sana."

Tata alikuwa anatazama lile gunia.

"Baba," Kathambi akasema, "nimebakisha siku sita tu. Niache nimalize. Kila jioni nitakupigia mimi mwenyewe."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hatuongeangi."

"Kathambi. Ingia kwa gari."

Aliingia. Alikaa nyuma na begi lake magotini, na mzee akakaa kando yake upande wa mlango. Gari liligeuka likarudi njia ya Meru, ileile aliyojia. Asubuhi hiyo anga ilikuwa safi na mlima ulikuwa wazi wote nyuma ya nyumba yetu, na mzee wa watu alikuja upande huu na kuondoka bila hata kuugeukia.

Wiki tano zilizofuata sitaki kuzieleza sana. Jumamosi ya kwanza tulijaza vitanda vyote kumi na sita, kwaya nzima ya vijana kutoka Thika, wakikoroma kwa sauti nne. Alfajiri nikasikia ufagio. Viazi hakuvimenya. Vilikaa mlangoni vikaanza kuchipua, mwishowe nikavigawa kwa majirani nikiwa na hasira. Gitari alikuja Jumapili akamwambia mama yake amekonda, afunge hosteli ahamie Embu apumzike. "Nipumzike niende wapi?" Tata alimuuliza. Siku moja nilimkuta na daftari na rula, anapiga mstari juu ya ile safu ya mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, hata kwenye kurasa ambazo hazijaandikwa. Nilitaka kumwambia amechelewa. Nikakumbuka ufunguo wangu, nikarudi jikoni.

Halafu Jumanne moja, baada ya chakula cha mchana, simu yake ililia. Masikio yake si mazuri siku hizi, kwa hiyo huiweka sauti ya juu, na nilisikia kila neno nikiwa nakata sukuma wiki.

"Matron, ni Salesio wa Ruiri. Kathambi ameenda tena. Ameondoka jana." Sauti ya mzee ilikuwa imechakaa. "Ameacha meseji kwa simu ya mama yake. Anasema ako salama, atarudi akimaliza kuzunguka, tusimtafute. Ako kwako?"

"Hapana, mzee. Hayuko."

"Hajapitia hapo?"

"Kwangu hawezi kupitia tena."

 Nadhani mzee hakuelewa. "Sasa mama, nisaidie. Wewe unajua hizo hosteli zote na wenyewe. Wapigie. Waambie wakimwona wamshike, vile wewe ulimshika."

"Nitawapigia," Tata akasema.

Nilishindwa. Nilipiga kisu juu ya meza. "Tata, hapana! Mara hii hapana! Nitaivunja hiyo simu!"

"Nipe namba, Kaari."

"Sikupi."

"Zile za kwenye karatasi yake. Embu, Kutus, Karatina, Nanyuki, Timau. Unazo zote, unawatumianga wageni." Alikuwa amenyoosha mkono. "Nipe, mama."

Mara ya mwisho aliponiita mama nilikuwa na miaka tisa na tulikuwa tunatoka makaburini. Nilimsomea namba ya Embu. Namba si kufuli, nilijiambia, na nikigundua anafanya upuuzi nitampokonya simu mkononi. Alikaa kwenye benchi, miguu pamoja, mgongo umenyooka, akapiga.

"Habari ya mchana. Mimi ni Matron wa Runyenjes. Ndiyo, huyo huyo wa video. Sikiza. Kuna msichana anaweza kufika kwako, anaitwa Kathambi. Ni mwembamba, ako na begi ya shule. Akikuja mpatie kitanda cha chini, mahali kuna dirisha ya kuangalia mlima. Akitaka kutoka saa kumi na moja, amka umfungulie. Usimwambie angoje uji."

Nilishikilia ukingo wa meza.

"Mtu akipiga akiuliza kama ako hapo, sema hujui. Akiwa baba yake, sema hujui."

Mama wa Embu akauliza, "Na wewe Matron, nikuambie akifika?" Tata alifumba macho. 

"Hapana," akasema. "Hata mimi. Najijua, nitakupigia jioni nikuulize kama amefika. Nitakuomba sana. Usiniambie."

Akakata. Alikaa kidogo akitazama nje, mahali barabara inapopinda. Kisha akaniambia nimsomee namba ya Kutus.